FAT32, exFAT, NTFS au ext4: uifomati flashi na diski yako kwa mfumo upi?

Chomeka flashi mpya kwenye kompyuta ya Windows, chagua kuifomati, na kitafunguka kidirisha kidogo. Katikati yake kuna mstari unaouliza mfumo wa faili. Ukiubonyeza unashusha majina: NTFS, FAT32, exFAT. Karibu kila mtu ninayemwona hapa Mtwara anaupita mstari huo bila kuusoma, anabonyeza kuanza, na kazi imekwisha.

Mimi ni fundi kompyuta, Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, meza yangu hujaa flashi za makatibu wa vyama vya msingi. Baadaye huja memori kadi za wapiga picha za harusi, halafu diski za walimu zenye mitihani. Swali ni lilelile: "Fundi, vitu vyangu vitarudi?" Mara nyingi jibu lake liliamuliwa siku ile flashi ilipofomatiwa, miezi au miaka kabla sijaishika. Ndiyo maana nailinganisha hapa mifumo minne mnayoweza kukutana nayo: FAT32, exFAT, NTFS, na ext4 ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta ambao baadhi ya watu huutumia badala ya Windows. Hakuna mmoja unaomfaa kila mtu, na sitajifanya upo.

Daftari la ghala

Chukua ghala la korosho. Magunia yaliyopangwa ndani ndiyo data zenyewe: picha, barua, orodha za mizani. Mfumo wa faili ni daftari la mtunza ghala, linaloandika gunia la nani liko safu ya ngapi, liliingia lini, lina uzito gani. Ukifuta faili, mtunza ghala hagusi gunia. Anakwenda kwenye daftari na kuufuta mstari. Gunia linabaki palepale hadi siku mzigo mwingine utakapowekwa juu ya nafasi ile.

Sasa, kila mtunza ghala ana namna yake ya kufuta. Mmoja anakwangua herufi ya kwanza tu, mwingine anachora mstari mwembamba na kuacha kila kitu kikisomeka, mwingine anafuta namba ya safu lakini anaandika saa ya kutoka. Mtaalamu wa uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali kazi yake kubwa ni kulisoma daftari hilo baada ya kufutwa, na wewe unapochagua fomati unachagua aina ya mtunza ghala.

Nitaipima mifumo yote minne kwa mambo matano: inasomeka kwenye vifaa gani, inabeba faili kubwa kiasi gani, inafanyaje umeme ukikatika au flashi ikichomolewa ghafla, inaacha nini faili likifutwa, na inatoa ushahidi gani wa saa na tarehe mambo yakifika kwenye ugomvi. Mawili ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kila mmoja alitoka wapi

FAT ndiyo mzee wa ukoo. Marc McDonald wa Microsoft aliiandika mwaka 1977, enzi za disketi. FAT32 ya leo ilikuja 1996 na toleo lililorekebishwa la Windows 95. NTFS ilitoka 1993 pamoja na Windows NT 3.1, ikilengwa ofisi zisizoweza kuvumilia kumbukumbu kuharibika. Upande wa Linux, Rémy Card aliandika ext mwaka 1992, ikafuata ext2 mwaka uliofuata, ext3 ikaongeza kitabu cha matukio (nitakieleza mbele) mwaka 2001, na ext4 ikakubaliwa rasmi Desemba 2008. exFAT nayo ni ya juzi juzi. Microsoft iliitoa 2006 kwa ajili ya flashi na kadi, mwaka 2009 ikateuliwa kuwa mfumo wa kadi za SDXC, yaani memori kadi kubwa zinazozidi GB 32, na 2019 maelezo yake yakachapishwa hadharani, jambo lililoifungulia mlango ndani ya Linux.

Uchunguzi ulikua sambamba nayo. Mwaka 1982 Peter Norton alikuwa tayari anauza programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa kwenye disketi za FAT, na mwaka 1984 FBI ya Marekani ilianzisha mpango wake wa kwanza wa kuchunguza kompyuta. Mafundi na wapelelezi waligundua jambo lilelile kwa wakati mmoja: kufuta si kuondoa.

Inasomeka wapi

Hapa FAT32 haina mshindani. Sabufa ya sebuleni, redio ya bajaji, dekoda, mashine ya fotokopi ya stesheneri, televisheni ya zamani, kamera, simu, Windows, Mac, Linux: vyote vinaijua.

exFAT inasomwa na Windows, Mac, Linux ya miaka ya karibuni, kamera za kisasa na simu nyingi za sasa. Inakwama kwenye vitu vya bei nafuu, hasa sabufa na redio za magari. NTFS iko nyumbani kwenye Windows, na Linux inaiandika vizuri. Mac inaisoma bila kuiandika, na simu nyingi zitakuambia flashi ni mbovu zikutake uifomati. Usikubali, flashi ni nzima. ext4 ni ya Linux, na simu nyingi za Android zimeitumia ndani kwa ndani kwa miaka mingi. Ukiichomeka flashi ya ext4 kwenye Windows ya kawaida, nayo itakuomba uifomati. Nimeona mtu akikubali kwa haraka, na humo mlikuwa na kazi ya miaka miwili.

Ukubwa wa faili

Hili ni fupi. FAT32 haipokei faili lolote linalofika GB 4. Video ya harusi iliyounganishwa kuwa moja itagoma kuingia hata kama flashi ina nafasi ya GB 60, na watu hudhani flashi imekufa. Pia kwa miaka mingi kidirisha cha Windows kimekataa kufomati FAT32 kwenye kifaa kinachozidi GB 32. Mifumo mingine mitatu inabeba faili kubwa kuliko lolote utakalolitengeneza nyumbani au ofisini.

Umeme ukikatika

Hapa kwetu kigezo hiki ni kizito. Umeme unakatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, au mtu ana haraka ya gari la Masasi na anachomoa flashi taa yake ingali inawaka.

NTFS na ext4 zina kitabu cha matukio. Kabla mtunza ghala hajabadilisha daftari kubwa, anaandika pembeni: "Naenda kuhamisha mstari huu kwenda pale." Umeme ukikatika, akirudi anasoma kitabu cha pembeni na ama anamaliza kazi ama anairudisha ilivyokuwa. Daftari halivurugiki. Kumbuka lakini kwamba kitabu hicho, kwa mpangilio wa kawaida, kinalinda daftari na si lazima kiokoe maneno ya mwisho uliyokuwa ukiyaandika.

FAT32 haina kitabu hicho, ila ina jambo moja la kuisaidia: huweka nakala mbili za orodha ya vitalu, yaani vile vipande vya nafasi ambamo faili limewekwa; moja ikiharibika ya pili inaweza kutumika. exFAT haina kitabu, na kwa kawaida ina orodha moja tu. Kwa hiyo, kati ya mifumo minne, exFAT ndiyo inayoumia zaidi kwa kuchomolewa ghafla, na ndiyo iliyoko kwenye kadi kubwa za kamera. Mpiga picha, zima kamera kwanza, subiri taa itulie, ndipo utoe kadi. Nalisema kila wiki na nitaendelea kulisema.

Faili likifutwa, kinabaki nini

Msimu mmoja katibu mmoja mzee aliniletea flashi. Alikuwa amefuta orodha ya wakulima kwa bahati mbaya, faili aliloliita KOROSHO.XLS kwa herufi kubwa, jinsi alivyozoea tangu enzi za kompyuta za zamani. Niliifungua flashi kwa programu ya uokoaji, na kwenye skrini likatokea jina hili: _OROSHO.XLS. Akainama karibu, akavua miwani, akavaa tena. "Kijana wangu, hiyo K imeliwa na nani?"

"Imeliwa na FAT32, mzee," nikamwambia. Na ndivyo ilivyo kabisa. Faili likifutwa kwenye FAT32, baiti ya kwanza ya jina, yaani nafasi ya herufi yake ya kwanza, inabadilishwa kuwa E5, namba ambayo kwa mfumo huo ina maana ya "mstari huu hautumiki". K ilikuwa hapo, sasa pana E5. Jina lililobaki, ukubwa wa faili na tarehe vipo. Hata sehemu ya kuanzia kwa kawaida inapatikana. Kinachopotea ni orodha ya vitalu vinavyofuata, kwa sababu hiyo inaandikwa sifuri. Faili la mzee lilikuwa dogo na limelala pamoja, likarudi zima. Lingekuwa limetawanyika vipande vipande, ningepata mwanzo wake na baada ya hapo vitu vya watu wengine.

exFAT ni mpole zaidi katika hili. Ikifuta, inageuza biti moja tu, alama ndogo ya ndiyo au hapana, inayosema mstari unatumika au la. Jina, mwanzo na urefu vinabaki. Zaidi ya hapo, faili lililoandikwa kwa mfululizo, kama picha kwenye kadi iliyofomatiwa upya, huwa limewekewa alama kwamba vitalu vyake vinafuatana bila kukatika. Kwa hiyo nikijua mwanzo na urefu, nimemaliza. Kadi za kamera za exFAT zilizofutwa kimakosa na kuwekwa pembeni mara moja zimekuwa kazi zangu rahisi.

NTFS ina jedwali kuu ambamo kila faili lina rekodi yake, kwa kawaida ya baiti 1024. Ukifuta, rekodi inawekewa alama kwamba haitumiki, lakini ndani yake jina, tarehe, na orodha nzima ya vipande vyote vinabaki, hata kama faili lilitawanyika sehemu ishirini. Faili dogo sana, chini ya baiti 700 hivi, halina hata gunia ghalani. Limeandikwa ndani ya daftari lenyewe. Hatari yake ni moja: Windows hupenda kutumia tena rekodi zilizoachwa wazi, na Windows haikai bure hata dakika moja. Ukifuta kitu muhimu kwenye diski C kisha ukaendelea kuvinjari intaneti ukitafuta jinsi ya kukirudisha, unakizika kwa mikono yako.

ext4 ni mkali. Ikifuta, ukubwa unakuwa sifuri, orodha ya vipande inafutwa, na saa ya kufutwa inaandikwa. Jina linaweza kubaki kwenye folda na nakala ya zamani ya rekodi inaweza kuwa bado imo kwenye kitabu cha matukio, na zipo programu zinazoitafuta humo. Lakini kwa ujumla ext4 inakuambia saa ya kufa bila kukuonyesha kaburi.

Daftari likiwa limepotea kabisa, inabaki njia ya mwisho, nayo ni kuchimba. Huku kwetu mfano wake uko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, kwa mikono ya mamia ya wachimbaji na wapagazi wa maeneo haya, walifukua mifupa ya dinosaria iliyobebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mchimbaji haoni mnyama ardhini. Anaona umbo la mfupa na anajua ni mfupa. Programu kama PhotoRec ya Christophe Grenier inafanya vivyo hivyo: inapita diski nzima ikitafuta umbo. Picha ya JPEG huanza kwa FF D8 FF. Hati ya PDF huanza kwa herufi %PDF. Hati mpya za Word na Excel huanza kwa PK. Inapoliona umbo, inakata kuanzia hapo.

Tatizo la kuchimba hivyo ni lebo. Kule Tendaguru mifupa ilipewa herufi ya shimo na namba yake, na kwa lebo hiyo ikajulikana ilitoka wapi. Faili lililochimbwa halina jina, halina folda, halina tarehe ya daftari. Utapata picha elfu tatu zenye namba tupu, na bibi harusi wa Newala amechanganyika na wa Nachingwea. Njia hii haijali ni mfumo upi kati ya minne, inafanya kazi kwenye yote, mradi faili halikutawanyika.

Saa, tarehe na ushahidi

Kuna ugomvi uliofika mezani kwangu ambao sitausahau. Wanachama wa chama kimoja cha msingi walidai kwamba orodha ya mizani ilichezewa baada ya kusomwa mkutanoni. Karani, binti mdogo aliyekuwa na mwaka wa kwanza kazini, alisema alirekebisha makosa ya majina kabla ya mkutano na hakuigusa tena. Viongozi wakaja na flashi na laptopu ya ofisi. Mikono ya yule binti ilikuwa inatetemeka alipoiweka chaja mezani.

Flashi ilikuwa FAT32. Ilinipa saa moja tu ya kubadilishwa kwa faili, bila kusema ni saa za eneo gani. FAT32 inaandika saa kama ilivyoonekana kwenye kompyuta iliyoandika. Kama kompyuta ile ilikosea, FAT32 imeandika kosa. Saa ya kubadilishwa haina hata usahihi wa sekunde moja, inakwenda mbilimbili, ndiyo maana hutaona sekunde ya namba witiri. Saa ya kufunguliwa mara ya mwisho haipo kabisa, ipo tarehe peke yake. Na kalenda yake inaanza 1 Januari 1980, kwa hiyo ukikuta picha ya harusi ya mwaka jana imeandikwa 1980, ujue betri ya saa ya kamera ilikufa. Kwa ushahidi ule nisingeweza kumtetea mtu wala kumshtaki.

Laptopu ilikuwa NTFS, na NTFS inaongea. Inahesabu muda tangu 1 Januari 1601 kwa vipimo vya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kwa saa za dunia (UTC), kisha Windows inaongeza masaa yetu matatu. Kila faili lina saa nne: kuundwa, kubadilishwa, kufunguliwa, na kuguswa kwa rekodi yenyewe. Saa hizo zimeandikwa mara mbili, sehemu mbili tofauti ndani ya rekodi. Programu za kughushi tarehe kwa kawaida hubadilisha seti moja na kuisahau ya pili, na seti zikitofautiana kwa namna isiyoelezeka, mchunguzi anajua pa kuuliza.

Zaidi ya yote, kwenye diski C Windows inaweka shajara ya mabadiliko, ambamo kila faili likiundwa, likiandikwa, likibadilishwa jina au likifutwa, mstari mmoja unaongezwa wenye namba inayopanda. Saa ya laptopu ile ilikuwa imekosea kwa siku kadhaa, na viongozi walikuwa tayari kukata tamaa. Lakini namba za shajara hazirudi nyuma hata saa ikidanganya. Mstari wa mwisho wa kuandikwa kwa orodha ulikuwa na namba ndogo kuliko mstari wa kuundwa kwa faili la muhtasari wa mkutano, lililochapwa usiku wa siku ileile ya mkutano. Orodha iliguswa kabla. Binti alisema kweli. Alikaa chini kwenye kiti cha plastiki, akafunika uso kwa kanga yake, na hakuna aliyesema neno kwa muda.

Nieleze mipaka ya NTFS pia. Shajara ile ina ukubwa maalumu, kwa kawaida makumi machache ya MB, ikijaa mistari ya zamani inatupwa. Tulifika mapema. Na kwenye flashi au diski ya nje ya NTFS shajara hiyo huenda haijawashwa kabisa.

exFAT iko katikati. Saa zake za kuundwa na kubadilishwa zina usahihi wa sehemu ya mia ya sekunde, na ina nafasi ya kuandika tofauti na saa za dunia, yaani +3 kwa Tanzania. Haina shajara. ext4 ina saa zenye usahihi wa sehemu ya bilioni ya sekunde, pamoja na saa ya kuundwa na ile ya kufutwa, na kitabu chake cha matukio kinaweza kusomwa kwa ajili ya mambo ya karibuni sana. Kumbuka tu kwamba hata kuichomeka kwa kusoma pekee kunaweza kuifanya ikamilishe kitabu cha matukio na hivyo kubadilisha diski. Mchunguzi makini huizuia kwa amri maalumu.

Alama moja inayofanya kazi kwenye mifumo ya Windows yote mitatu: ukinakili faili, nakala hupata saa ya kuundwa ya leo lakini inabaki na saa ya kubadilishwa ya zamani. Ukiona faili lililozaliwa baada ya kuandikwa, si uchawi, limenakiliwa kutoka mahali.

Na si kila ushahidi unatoka kwenye daftari. Februari 2005, huko Wichita, Marekani, muuaji aliyejificha kwa miaka mingi alituma disketi kwenye kituo cha televisheni. Polisi walikuta humo hati ya Word iliyofutwa, na ndani ya hati jina "Dennis" pamoja na jina la kanisa. Dennis Rader akakamatwa mwezi huohuo. FAT ya zamani iliacha gunia ghalani, na gunia lilikuwa na jina la mwenyewe.

Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na katika kuupima mahakama inaangalia jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama uzima wake ulilindwa. Kwa hiyo mfumo mzuri hautakusaidia ukishaivuruga diski mwenyewe.

Yanayoizidi nguvu mifumo yote

Diski za SSD, zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka ndani, zina amri inayoiambia diski kwamba vitalu fulani havihitajiki tena, nayo inavisafisha yenyewe. Kwenye SSD ya ndani ya laptopu, faili lililofutwa linaweza kuwa limekwenda kabisa ndani ya muda mfupi, daftari likibaki na jina bila gunia. Flashi za kawaida nyingi hazifanyi hivyo.

Usimbaji, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila ufunguo, nao unafunga kila kitu. Simu za Android zilizotoka kiwandani na Android 10 na kuendelea zinasimba data zake kwa lazima. Bila neno la siri, fundi hana la kufanya, na hiyo ni kinga yako simu ikiibiwa.

Halafu kuna kuuza. Kufomati kwa haraka kunaandika daftari jipya tupu, magunia yanabaki. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya diski 158 zilizotumika ambazo walizinunua. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Fikiria laptopu za mitumba zinazopita kwetu, na zile zetu tunazoziuza.

Kwa hali yako

Flashi ya muziki kwenye bajaji, ya kupeleka kazi stesheneri, au ya sabufa: FAT32. Usiweke humo nakala pekee ya kitu chochote.

Mpiga picha na mpiga video: exFAT kwenye kadi zinazozidi GB 32, na uifomatie ndani ya kamera yenyewe. Ukifuta kimakosa, toa kadi, iweke mfukoni, usipige hata picha moja zaidi. Ukirudi nyumbani nakili kazi kwenye diski yenye kitabu cha matukio.

Katibu wa chama, mhasibu, mwalimu, ofisi ya kata inayotumia Windows: NTFS kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba. Weka saa ya kompyuta iwe sahihi, kwa sababu siku ya ugomvi saa ndiyo itakayoulizwa kwanza. Ikiwa diski ina majina na namba za simu za wanachama, iwekee usimbaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Diski hiyohiyo ikilazimika kupita kwenye Mac, exFAT itakupunguzia usumbufu, ila utakosa kitabu cha matukio.

Anayetumia Linux kila siku, au anayeendesha seva ya shule: ext4. Ni imara umeme ukikatika, na ukijua kwamba ukifuta umefuta, utaweka ratiba ya kunakili. Kwa kusafirisha vitu kwenda kwa watu wa Windows weka flashi nyingine ya exFAT.

Anayeuza au kugawa diski ya zamani: kwenye Windows ondoa alama ya kufomati haraka ili iandike sifuri diski nzima, chukua muda wowote itakaochukua. Kwa SSD, kama ilikuwa imesimbwa tangu mwanzo, kufuta ufunguo kunatosha.

Na kama ugomvi umeshaanza, au unahisi kuna wizi: usiifungue diski kuangalia. Windows ikiona flashi tu inaweza kuandika folda yake humo, na kila ulichofungua kinaweza kubadilisha saa. Kompyuta iliyozimwa iache imezimwa. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, nani alikuwa nayo, ikapokelewa na nani. Ifunge kwenye bahasha, saini juu ya gundi, uipeleke polisi. Mchunguzi ataichomeka kupitia kifaa kinachozuia kuandika, atachukua nakala ya biti kwa biti, atapiga heshi ya SHA-256 ya diski na ya nakala, yaani namba inayokokotolewa kutoka data zote na kubadilika hata biti moja ikiguswa, na heshi zikilingana atafanya kazi kwenye nakala, diski yenyewe ikirudi kwenye bahasha.